Uso wa ghorofa na njia ya tone la mvua

Jengo likikamilika, mwenyewe hutaka lipigwe picha kukiwa na jua, anga la buluu na gari safi mbele ya geti. Mimi husubiri mvua. Wiki jana ilinyesha Naalya, hapa Kampala, kuanzia saa 9 alasiri, nikajibanza kwenye kibanda cha chapati ng'ambo ya barabara kulitazama jengo letu jipya likilowa. Ghorofa 5, fleti 15, matofali mekundu na lipu ya rangi ya mchanga. Nilitaka kuona jambo moja tu: maji yakishafika ukutani, yanaondokea wapi?

Nina sababu. Miaka ya nyuma nilichora nyumba ya fleti 6, kuta nyeupe pe, vizingiti vya madirisha vyembamba vilivyokaa sawasawa na ukuta. Kwenye karatasi vilipendeza mno. Misimu miwili ya mvua ikapita, yaani mwaka mmoja tu kwa Kampala, na mzee mwenye nyumba akanipigia simu. "Injinia," (hapa kwetu kila anayeshika ramani ni injinia, nimeshachoka kubisha), "njoo uone, nyumba yangu inalia." Kweli ilikuwa inalia. Chini ya kila dirisha, pembe zote mbili, mistari ya kahawia ilikuwa imeteremka hadi ghorofa ya chini. Wakati wa kiangazi vumbi la murram, ule udongo mwekundu wa barabara, hutua juu ya kizingiti. Mvua ikija hulikoroga, na tope lile jembamba hushuka ukutani kwa kuwa hakuna kinachoyaambia maji yaachie. Fundi hakukosea, na rangi ilikuwa nzuri. Kosa lilikuwa kwenye mchoro wangu.

Maji hayapendi kuachia. Yakifika ukingoni mwa zege hujipinda, yakatambaa upande wa chini huku yameng'ang'ania zege, mpaka yaguse ukuta. Dawa yake ni ya senti chache: kizingiti kitokeze nje ya ukuta sentimita 5, kilale kuelekea nje, na upande wake wa chini kiwe na mfuo wa kina cha milimita 12 hivi. Tone likitambaa hadi kwenye mfuo linashindwa kuruka, linanenepa, linaanguka. Basi. Sisi tunautengeneza kwa kupasua bomba la nyaya za umeme katikati na kulipigilia kwenye ubao kabla ya kumwaga zege. Zege likishakauka unalibandua, mfuo umebaki. Ukisahau siku hiyo, utakuja kuchonga kwa tindo madirisha 90, na hutafurahi. Mfuo usifike mwisho wa kizingiti kwenye ukuta wa pembeni, maana maji yatautumia kama mfereji na kurudi kule kule ulikoyafukuza.

Juu kabisa ya paa kanuni ni hiyo hiyo ila imegeuzwa. Ule ukuta mfupi unaoficha matangi ya maji, kofia yake tumeilaza kuelekea ndani, vumbi lioshwe kuingia kwenye paa na mabomba yake, lisije mbele. Mafundi wengi huilaza nje kwa mazoea.

Jua sasa. Kampala iko karibu kabisa na ikweta, kwenye nyuzi 0.3 tu kaskazini. Mwezi Machi na Septemba jua la mchana linakusimamia utosini. Juni linaegemea kaskazini, Desemba kusini, na halizidi nyuzi 24 kutoka utosini. Kwa hiyo dirisha linalotazama kaskazini au kusini unalikinga kwa urahisi: upenu wa zege wa sentimita 70 unatosha jua la mchana kwa dirisha la mita 1.5. Balaa liko magharibi. Saa 11 jioni jua limeshuka hadi kama nyuzi 27 juu ya upeo wa macho, linaingia ndani moja kwa moja, na ukitaka kulizuia kwa upenu peke yake utahitaji upenu wa karibu mita 3. Hakuna anayejenga hivyo. Watu huweka kioo cheusi, halafu hununua kiyoyozi, halafu hulalamikia bili ya umeme.

Kiwanja chetu kina umbo baya, upande mrefu unatazama magharibi, barabarani. Mteja alikuja na picha za Dubai kwenye simu: vioo kuanzia chini mpaka juu, jikoni ikionekana kama duka la vito. Nikamuuliza, sigiri, yaani jiko la mkaa, itakaa wapi? Akacheka, akasema wapangaji watatumia gesi. Nikamwambia sawa, chai na mayai watapikia gesi. Maharage ya kuchemka kwa muda wa saa 3 je? Na matoke yaliyofungwa kwenye majani ya ndizi, yanayotaka moto wa polepole asubuhi nzima? Ninajua fleti za bei ghali hapa Kampala ambazo sigiri inawashwa kwenye ngazi za dharura, na nyingine inawashwa ndani mlango ukiwa umefungwa. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, haina harufu, inaua watu usingizini.

Jibu la jua na jibu la sigiri likawa moja. Kila fleti imepewa ua wa jikoni upande wa magharibi, mita 1.5 kwa 2.4, na ukuta wake wa nje ni matofali ya matundu ya udongo wa kuchoma, kutoka sakafuni hadi darini. Moshi unatoka, upepo unaingia, jua la jioni linakatwakatwa kabla halijafika jikoni. Kamba za nguo zimo humo humo, kwa hiyo mashuka ya watu hayapeperuki barabarani kama bendera. Ukisimama nje unaona pazia jekundu lenye vivuli, na usiku taa zinapenya kwenye matundu. Hilo ndilo pambo pekee la jengo zima.

Kulijenga pazia hilo kulitaka subira. Fundi wetu wa matofali ni mtu wa Arua, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Alipanga kozi (safu za matofali) 3 za kwanza kwa pimamaji, akarudi nyuma, akamwaga ndoo ya maji kwa nguvu. Sakafu ya ndani ikalowa. "Injinia, tundu likilala sawa, maji ni mgeni aliyekaribishwa." Akazivunja, akazipanga upya kila tofali likiinama nje kidogo, kiasi cha unene wa kidole kwa urefu wa tofali. Sakafu ya ua nayo tumeishusha sentimita 3 chini ya sakafu ya jikoni, ikaelekezwa kwenye tundu la maji. Haya mambo hayaonekani kwenye picha yoyote.

Mtoto wa mteja bado alitaka paneli za alumini angalau pembeni. Nikamtajia Grenfell Tower, ghorofa la fleti kule London, tarehe 14 Juni 2017: moto ulianzia kwenye friji moja, ukapanda kwa nje juu ya paneli za alumini zenye kiini cha plastiki, wakafa watu 72. Tukaacha.

Vijana wa ofisini ninapotaka waelewe hewa, nawapeleka Makumbusho ya Uganda pale Kira Road, jengo la 1954 lililochorwa na Mjerumani Ernst May. Mwanga na hewa vinaingia vyenyewe. Kwetu tumeweka ventileta, yaani matundu ya hewa, juu ya kila dirisha, na wavu wa mbu nyuma yake. Mtu akilala madirisha yamefungwa, joto bado lina pa kutokea.

Chini kabisa, sentimita 60 za mwanzo ni tofali la rangi ya giza na kokoto mbele yake, maana udongo mwekundu ukirukiwa na mvua hauachi ukuta mweupe salama.

Pale kwenye kibanda cha chapati, baada ya nusu saa, nikaona mstari mmoja. Ghorofa ya 4, kona ya kusini. Nikapanda. Fundi bomba alikuwa ametoboa bomba la tangi la kumwaga maji ya ziada na kulikata sawasawa na ukuta. Kesho yake tuliongeza kipande cha sentimita 15, tukakikata mdomo kwa mshazari. Sasa nasubiri mvua nyingine.