Kata ya jiji: maana yake na jinsi ya kusoma historia ya kiti chake (mfano wa Kata ya 9, Los Angeles)

Kata ya baraza la jiji ni kipande cha jiji kinachochagua diwani mmoja. Dar es Salaam ni kata, Nairobi ni wadi na diwani wake ni MCA (mjumbe wa bunge la kaunti). Marekani muundo ni huohuo, ila ukubwa hupishana mno kutoka jiji hadi jiji. Kwa sensa ya 2020, kila moja ya kata 50 za Chicago ina wastani wa watu 55,000 hivi. New York yenye kata 51 ina wastani wa 172,000 na ushei. Los Angeles ina kata 15 tu, kwa hiyo diwani mmoja anabeba watu karibu 260,000. Idadi hiyo ya viti imo tangu katiba ya jiji iliyoanza kutumika 1925, na sensa ya 1920 ilikuwa imehesabu watu 576,673. Sensa ya 2020 ilihesabu 3,898,747 na viti ni vilevile 15. Ndiyo maana udiwani wa pale hugombewa kwa nguvu na fedha za kiwango cha ubunge.

Anayefuatilia historia ya kiti cha namna hii hukosea kwa urahisi sehemu moja: namba ya kata haibadiliki, lakini ardhi iliyo chini yake huhama. Kila baada ya sensa, yaani kila miaka 10, mipaka huchorwa upya ili kata zote zikaribiane kwa idadi ya watu. Mwaka 1964 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitaka usawa huo kwenye mabunge ya majimbo, na 1968 ikaufikisha kwenye serikali za mitaa. Kwa mabaraza ya miji, tofauti kati ya kata kubwa kuliko zote na ndogo kuliko zote kwa kawaida haitakiwi kuvuka asilimia 10. Kwa Los Angeles, hiyo ni kama watu 13,000 juu au chini ya wastani.

Wanaohesabiwa katika mgawanyo huo ni wakazi wote: watoto, wageni wasio raia, hata asiyewahi kupiga kura. Mwaka 2016 mahakama hiyohiyo ilikubali kwamba kuhesabu hivyo ni halali. Diwani, hata hivyo, huchaguliwa na waliofika kwenye sanduku. Chukua kata mbili za kubuni zenye watu 260,000 kila moja. Ya kwanza ina raia watu wazima 190,000, ya pili 120,000. Ikiwa ya kwanza wamejiandikisha 150,000 na nusu wakapiga kura, ni kura 75,000. Ya pili wakijiandikisha 80,000 na robo wakajitokeza, ni kura 20,000. Viti viwili vyenye uzito sawa barazani, lakini kimoja kinaweza kuchukuliwa kwa kura 10,001. Kwenye kata ya aina ya pili, chama cha wafanyakazi kinachojua kuamsha watu wake au kanisa kubwa moja linatosha kuamua mshindi.

Kata ya 9 inaonyesha yote hayo. Miaka ya 1940 ilichukua Boyle Heights na sehemu za katikati ya jiji, na wakazi wake walikuwa mchanganyiko wa Wamarekani wenye asili ya Mexico, Wayahudi, Wajapani na weusi. Edward Roybal aligombea 1947 akashindwa. Hakungoja bahati mara ya pili: yeye na wenzake walianzisha chama cha Community Service Organization, wakapita nyumba kwa nyumba kuandikisha maelfu ya wapiga kura wapya. Mwaka 1949 alimwangusha diwani aliyekuwa anatetea kiti, Parley Christensen, akawa mtu wa kwanza mwenye asili ya Mexico kuingia barazani tangu karne ya 19. Kilichobadilika zaidi ni daftari la wapiga kura.

Roybal alichaguliwa kwenda Kongresi Novemba 1962, na hapo historia ikageuka bila kura ya mwananchi. Januari 1963 baraza lilimteua Gilbert Lindsay, aliyekuwa msaidizi wa kiongozi mmoja wa kaunti na zamani mfagiaji katika idara ya maji na umeme ya jiji. Alikuwa diwani wa kwanza mweusi Los Angeles. Baadaye mwaka huohuo alishinda uchaguzi, na pamoja naye weusi wengine wawili: Billy Mills Kata ya 8 na Tom Bradley Kata ya 10, ambaye 1973 alichaguliwa kuwa meya. Uteuzi kama ule si jambo dogo. Aliyeteuliwa huingia kwenye uchaguzi akiwa tayari na ofisi, wafanyakazi na jina. Kwa hiyo ukiandika orodha ya madiwani wa kata, weka alama mbele ya kila aliyeingia kwa kuteuliwa, la sivyo utawasifu wapiga kura kwa uamuzi wa wajumbe wachache.

Lindsay alikaa hadi kifo chake Desemba 1990. Safari hii kiti kilijazwa kwa uchaguzi, na 1991 Rita Walters alimshinda Bob Gay, aliyekuwa msaidizi wa marehemu, kwa kura 76. Baada ya Walters akaja Jan Perry 2001, kisha Curren Price 2013. Wote hao tangu 1963 ni weusi, ilhali wakazi wa kata wamekuwa wengi zaidi wenye asili ya Amerika ya Kilatini, na sasa ndio walio wengi kwa mbali. Anayetazama sensa peke yake hawezi kuelewa. Miongoni mwa hao wenye asili ya Amerika ya Kilatini wapo watoto wengi na watu wazima wengi wasio raia, na familia za weusi zilizobaki zimezoea kupiga kura kwa miongo.

Mwaka 2012 mipaka ilihamisha sehemu kubwa ya Downtown, yaani katikati ya jiji penye maghorofa, kutoka Kata ya 9 kwenda ya 14. Perry alipinga sana, na si kwa ajili ya kura tu. Kwa desturi, ombi la ujenzi linapofika barazani madiwani wengine humfuata diwani wa eneo husika, hivyo mwenye Downtown ndiye mwenye kauli juu ya miradi ya mabilioni ya dola. Ubaya wa desturi hiyo ulijitokeza kwa José Huizar, aliyekuwa diwani wa Kata ya 14: alikiri makosa ya rushwa iliyohusu waendelezaji wa majengo na Januari 2024 akahukumiwa kifungo cha miaka 13.

Upande wa utaratibu, karatasi ya kura haina jina la chama. Mgombea lazima awe mkazi na mpiga kura wa kata hiyo, na alete wadhamini 500 pamoja na ada ya dola 300, au wadhamini 1,000 bila ada. Hapa wengi hukwama. Mdhamini anayeishi ng'ambo ya mpaka hahesabiki, na mpaka unaweza kupita katikati ya barabara. Aliyehama bila kubadili anwani kwenye daftari naye hukatwa. Wazoefu huleta saini za ziada nyingi tu. Anayepata zaidi ya nusu ya kura duru ya kwanza ameshinda. Vinginevyo wawili wa juu wanarudiana. Kwa hiyo usimlinganishe aliyepata asilimia 45 kati ya wagombea saba na aliyepata 52 kati ya wawili.

Linganisha pia aina ya mwaka. Hadi 2017 uchaguzi wa jiji ulikuwa miaka isiyogawanyika kwa mbili, peke yake, na Mei 2013 chini ya robo ya waliojiandikisha ndio walijitokeza. Wapiga kura waliamua 2015 kuuhamishia miaka ya uchaguzi wa jimbo na wa taifa, na ndiyo sababu waliochaguliwa 2017, Price akiwemo, walikaa miaka mitano na nusu badala ya minne. Ukomo ni mihula mitatu. Wa Price wa mwisho unaisha Desemba 2026.

Ramani ya sasa ilipitishwa Desemba 2021 na madiwani wenyewe, baada ya tume ya ushauri ambayo wajumbe wake wengi waliteuliwa na madiwani haohao. Oktoba 2022 zilivuja sauti za mazungumzo kuhusu mipaka hiyo yaliyojaa matusi ya kibaguzi, rais wa baraza Nury Martinez, mmoja wa waliosikika, akajiuzulu, na Novemba 2024 wananchi walipitisha tume huru. Tume hiyo itachora baada ya sensa ya 2030. Ramani isipoguswa kabla ya hapo, matokeo ya Kata ya 9 ya 2022, 2026 na 2030 yanalinganishika moja kwa moja, na ya 2017 kurudi nyuma yasomwe na ramani yake pembeni.