Gari Bado Linamisi Baada ya Kutoka Gereji: Dhana Potofu na Ukweli

Toyota Corolla za miaka ya 1990 zenye injini ya 5A-FE bado zimejaa barabarani kwetu, pamoja na wadogo zake kama IST, Probox na Spacio wenye 1NZ-FE. Zikishakula miaka, lalamiko la wenye magari huwa lilelile: "Inamisi." Gari linatetemeka kwenye foleni, linakata pumzi mlimani, linakunywa mafuta kuliko kawaida. Gereji ya kwanza inabadilisha plagi. Wiki moja baadaye misi imerudi. Zinafuata koili zinazozalisha umeme wa cheche, kisha nozeli zinazopuliza petroli, kisha pampu ya mafuta, na mwisho mwenye gari anaambiwa injini imechoka, atafute nyingine.

Inauma kuona pesa ya ada ya mtoto ikiishia kwenye vipuri ambavyo havikuwa na kosa lolote. Na mara nyingi fundi wala hakukusudia kumwibia mtu. Alibadilisha kabla ya kupima, basi. Dhana nyingi zinazofuata hapa zinatokana na kosa hilo moja.

"Misi ni plagi"

Ili silinda moja ifanye kazi yake inahitaji cheche yenye nguvu inayokuja kwa wakati wake, mchanganyiko sahihi wa hewa na petroli, na mgandamizo wa kutosha. Kimoja kikipungua, silinda inakosa mwako, na wewe unasikia mtetemo uleule bila kujali ni kipi kilichopungua. Plagi inahusika na cheche tu, tena ni kipande kimoja cha mfumo mzima wa cheche.

Kwa hiyo kabla ya kugusa spana kuna maswali mawili: ni silinda ipi inamisi, na inamisi wakati gani? Jibu la swali la pili unalo wewe mwenye gari kuliko fundi, kwa sababu ndiye unayeliendesha kila siku. Misi inayokuwepo gari likiwa limesimama na kupotea ukikanyaga mafuta huelekeza kwenye hewa inayoingia kwa njia za pembeni: hosi iliyopasuka, gasketi ya manifoldi inayovuja, au valvu ya EGR (inayorudisha moshi kidogo ndani ya injini) iliyokwama wazi kwa magari yenye nayo. Misi inayokuja mlimani au ukiwa umepakia ni habari nyingine. Hapo mgandamizo ndani ya silinda unakuwa mkubwa na cheche inapata kazi ngumu zaidi kuruka, hivyo koili dhaifu, waya uliochoka au plagi yenye gepu pana (nafasi kwenye ncha yake ambayo cheche huiruka) hujionyesha. Petroli isiyofika ya kutosha nayo hujionyesha hapohapo. Gari linalomisi asubuhi zenye unyevu tu, jambo la kawaida kwa wanaoishi Tanga, Dar es Salaam au Mombasa, likaguliwe kepu ya distribyuta (kifaa kinachogawa cheche kwa kila silinda) na waya za plagi. Na likimisi dakika za mwanzo tu baada ya kulala, huku maji ya rejeta yakipungua bila kuonekana yanapovujia, usipoteze muda kwenye plagi. Gasketi ya silinda hedi ndiyo ya kuangaliwa kwanza.

"Plagi ni mpya, haziwezi kuwa na shida tena"

Hii ndiyo dhana inayowasumbua watu muda mrefu kuliko zote, na ukweli wake ni kinyume kabisa. Kama misi imebaki vilevile, au imekuja na sura mpya baada ya matengenezo, mshukiwa wa kwanza ni kile kilichoguswa.

Anza na plagi zenyewe. Plagi iliyoanguka sakafuni inaweza kuziba gepu yake, au kauri yake ikapata ufa mwembamba ambao huwezi kuuona bila kuichunguza kwa makini. Plagi iliyokazwa kwa nguvu za bega inaweza kupasuka au kuharibu nyuzi za hedi. Katika injini hizi ndogo za Toyota zinakazwa kwa takribani Nm 18 tu. Namba ya joto, inayoonyesha plagi inavyotoa joto haraka au polepole, nayo ina maana yake, na hapa mafundi wengi huchanganya: kwa NGK na Denso, namba ikipanda plagi ni ya baridi zaidi, kwa Bosch ni kinyume chake. Fundi anayelinganisha namba za kampuni tofauti kwa macho anaweza kukuwekea plagi ya baridi mno, ikashika masizi haraka, na misi ikarudi baada ya siku chache za mizunguko ya mjini. Halafu kuna plagi bandia zenye jina la kampuni maarufu. Bei ikiwa chini sana kuliko maduka mengine yote, una sababu ya kutilia shaka.

Sasa angalia mashimo zinamokaa. Kwenye injini za Toyota za 4A-FE, 5A-FE na 7A-FE, plagi ziko katikati ya hedi, ndani ya mirija inayopita chini ya kava la valvu. Sili za mirija hiyo zikikauka, oili inajaa ndani ya shimo, inalainisha mpira wa waya wa plagi, na cheche inapata njia ya mkato kwenda kwenye bodi badala ya kuruka kwenye gepu. Fundi anafuta oili, anaweka plagi mpya, gari linanguruma vizuri, unalipa na kushukuru. Baada ya wiki chache shimo limejaa tena. Kilichotakiwa ni sili za kava, kipuri cha bei ndogo sana ukilinganisha na vyote vilivyokwisha kununuliwa. Ukiwa pale gereji, omba uone plagi iliyotolewa: ikiwa na oili kwenye kauri ya juu, upande wa nje, hiyo imetoka kwenye sili. Oili kwenye ncha ya ndani imetoka kwenye ringi au sili za valvu, na hilo ni suala zito zaidi.

Waya nazo zinadanganya. Waya unaweza kuonekana mpya kabisa kwa nje na ndani umekatika. Kwa magari haya Toyota inaweka kikomo cha kiloohmu 25 kwa kila waya, na mita ya kawaida ya umeme inalipima hilo kwa dakika moja. Hakikisha pia zimerudishwa kwenye nafasi zake. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2, na silinda namba moja iko upande wa mkanda wa taimingi. Waya mbili zikibadilishana nafasi, gari linaweza kuwaka likatembea kwa kutetemeka vibaya, na mtu akaapa kwamba ni nozeli.

Mwisho pitisha mkono na macho kila mahali fundi alipopita: hosi ndogo iliyosahaulika kuchomekwa, klipu ya soketi iliyovunjika, waya wa arthi ulioachwa legelege, bomba la hewa lililokazwa upande mmoja. Hayo hayahitaji pesa hata kidogo, na yanasababisha misi nyingi sana za baada ya gereji.

"Mashine imesema ni koili"

Mashine ya kusoma misimbo ya hitilafu haisemi hivyo. Msimbo P0303 unasema kompyuta imeona silinda namba tatu ikikosa mwako. Haikutaja koili, plagi, nozeli wala valvu. P0300 inasema misi inazunguka silinda mbalimbali, na hapo mara nyingi chanzo ni cha wote kwa pamoja: presha ya mafuta, hewa inayovuja, taimingi.

Kwa 1NZ-FE, ambayo kila plagi ina koili yake, kuna njia isiyogharimu chochote. Hamisha koili ya tatu uiweke ya kwanza, futa misimbo, endesha. Msimbo ukihamia P0301, koili ni mbovu, nunua. Ukibaki P0303, koili ni nzima. Hamisha plagi, kisha nozeli, kwa mtindo uleule. Fundi anayekuuzia koili nne bila kufanya hivi anakisia kwa pesa yako.

Magari ya zamani zaidi yana jambo lake. Corolla nyingi za Japani za miaka ya 1990 hazina mfumo wa kisasa wa OBD, yaani ule ambao mashine huchomekwa ili kusoma misimbo ya kompyuta ya gari. Unaunganisha kwa waya matundu yenye alama TE1 na E1 kwenye kisanduku kilicho ndani ya boneti, na taa ya injini inahesabu msimbo kwa kuwaka na kuzima. Mfumo huo unaonyesha hitilafu za sensa na waya, lakini haufuatilii misi silinda kwa silinda. Kwa hiyo "kompyuta haioni tatizo" kwenye gari la aina hiyo haimaanishi gari ni zima.

Angalia pia fundi anayechomoa betri au kufuta misimbo kisha kukukabidhi funguo. Taa imezimika, ndiyo, lakini kompyuta imesahau tu. Endesheni pamoja, mlima na foleni vyote viwemo, ndipo ulipe.

"Fundi mzoefu anaweka taimingi kwa sikio"

Uzoefu nauheshimu, lakini kwa distribyuta za injini hizi sikio halitoshi. Kompyuta inausogeza muda wa cheche yenyewe kila wakati. Ndiyo maana utaratibu ni kuunganisha kwanza TE1 na E1 ili kompyuta itulie, kisha kupima kwa taa ya taimingi. Kwa 4A-FE na 5A-FE inatakiwa nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika juu. Ukizungusha distribyuta bila hatua hiyo unafuata kitu kinachosogea. Na kama mkanda wa taimingi umebadilishwa karibuni, kisha gari likakosa nguvu, jino moja lililorukwa linatosha kuleta yote hayo. Distribyuta haiwezi kulirekebisha.

"Chomoa waya za plagi injini ikiwa inawaka, utaijua silinda mbovu"

Utaijua, lakini kwa hatari isiyo ya lazima. Umeme wa cheche unafika makumi ya maelfu ya volti. Unaweza kukurusha, na ukikosa njia ya kutokea unaweza kuchoma koili au ignita (kifaa kinachoiamuru koili) iliyokuwa nzima. Chomoa soketi ya nozeli badala yake, moja baada ya nyingine. Silinda ambayo ukiikatia petroli injini haibadiliki mlio ndiyo isiyofanya kazi.

"Umeweka mafuta mabaya"

Mafuta ya kuchakachua yapo. Ndiyo sababu EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji Tanzania, ilianza kuweka vinasaba (alama za kutambua mafuta halali) kwenye mafuta mwaka 2010. Lakini petroli mbaya huingia silinda zote nne. Kama ni silinda moja tu inayomisi siku zote, kituo cha mafuta hakina kosa.

"Valvu zisizopiga kelele ni nzima, na injini ikichoka ni ya kubadilisha"

Kelele ndogo ya valvu huwatisha watu, wakati ya kuogopa ni ile iliyonyamaza. Valvu ya ekzosi inapokula kiti chake kidogo kidogo, nafasi yake inapungua hadi inashindwa kufunga kabisa ikipata moto. Gesi inapenya, ukingo wa valvu unaungua, mgandamizo unapotea, na kote huko hakuna kelele. Kwa 1NZ-FE nafasi inayotakiwa injini ikiwa baridi ni milimita 0.15 hadi 0.25 upande wa kuingiza hewa, na 0.25 hadi 0.35 upande wa ekzosi. Ni gereji chache sana zinazopima hili.

Kabla hujakubali kununua injini ya mtumba, dai kipimo cha kompresheni. Injini iwe imepata moto, plagi zote nne zitolewe, mafuta na cheche vikatwe, pedali ikanyagwe hadi chini, betri iwe imejaa. Injini nyingi za petroli zenye afya hutoa kati ya psi 150 na 200, na kinachosema zaidi ni tofauti baina ya silinda. Moja ikiwa chini sana, mimina kijiko cha oili ndani yake upime tena. Ikipanda, ringi zimechoka. Isipopanda, ni valvu au gasketi. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini kwa pamoja, shuku gasketi katikati yao. Na zote nne zikiwa nzuri na karibu sawa, mtu anayekuambia injini imekufa hana ushahidi.

"Ilimradi linatembea, nitaendelea nalo"

Petroli isiyoungua ndani ya silinda inakwenda kuunguzwa kwenye masega ya ekzosi (kisafisha moshi), ambayo hupata moto kupita kiasi, yakayeyuka na kuziba njia ya moshi. Taa ya injini ikiwa inawaka na kuzima mfululizo huku gari likitetemeka, kwenye magari yenye OBD ya kisasa hilo ndilo onyo lenyewe. Punguza mwendo, usilibebeshe mzigo, lifikishe gereji.

"Ukishalipa, huna la kudai"

Kenya, Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 ina sehemu inayohusu hasa matengenezo ya magari, ikigusa makadirio ya gharama na haki ya kurudishiwa vipuri vilivyotolewa. Kokote ulipo, unaweza kuyaweka hayo kama sharti kabla boneti haijafunguliwa: gharama ya upimaji ikae peke yake, vipuri vya zamani virudi mkononi mwako, na risiti iandikwe namba za kompresheni za silinda zote nne, pamoja na silinda iliyokuwa ikimisi na ilivyojulikana. Ukilazimika kwenda gereji nyingine, nenda na karatasi hiyo, fundi mpya aanzie mwenzake alipoishia.