"Damu yake ni 5, mnasubiri nini?"

Msimu wa malaria ukianza, malalamiko huja yaleyale: mtoto kapimwa, damu ni 5 (yaani himoglobini, kipimo cha wingi wa damu, ni gramu 5 kwa desilita), ndugu wamekwenda kuchangia, lakini daktari "amegoma" kumwongezea. Hajagoma.

Utafiti wa TRACT, uliofanyika Uganda na Malawi na kuchapishwa mwaka 2019, ulihusisha watoto zaidi ya 3,000 wenye upungufu mkali wa damu. Wale wenye himoglobini ya 4 hadi 6, wasio na dalili za hatari kama kuhema kwa shida au kupoteza fahamu, waligawanywa kwa kura: wengine wakaongezewa damu papo hapo, wengine wakaangaliwa kwa karibu. Baada ya siku 28, vifo havikutofautiana kiasi cha kuthibitisha kwamba kuharakisha kulisaidia. Tafadhali msinukuu nusu ya habari: karibu nusu ya waliosubirishwa waliishia kuongezewa, kwa kuwa damu ilishuka chini ya 4 au dalili za hatari zilijitokeza. Kusubiri ni kulazwa na kupimwa tena na tena. Kumbeba mtoto kurudi nyumbani ni jambo jingine kabisa. Na aliye chini ya 4, au anayehema kwa shida, hasubirishwi.

Kuhusu ucheleweshaji maabara: sampuli huandikwa jina kando ya kitanda, mara tu inapochukuliwa. Jina au namba ya faili ikikosewa, haturekebishi kwa kalamu. Tunaikataa na kuomba nyingine. Nimewahi kupokea kichupa kilichoandikwa "Neema" tu, kutoka wodi yenye akina Neema watatu. Kwa kosa kama hilo, mwenye kundi O akipewa damu ya A, chembe nyekundu za damu hupasukia ndani ya mishipa, mkojo huwa mwekundu, figo zinaweza kufeli. Kuikataa sampuli si urasimu.

Tena, chupa uliyochangia wewe si lazima iende kwa mwanao. Inapimwa kwanza Ukimwi, homa ya ini B na C, na kaswende.

Damu ikishatundikwa, muuguzi hukaa na mtoto dakika 15 za mwanzo, na chupa imalizike ndani ya saa 4. Akikuuliza jina la mtoto kwa mara ya tatu, mjibu jina kamili. Mtoto akianza kutetemeka au kulia mgongo unauma, usingoje chupa iishe: mwite muuguzi afunge mpira wa damu hapohapo.