Mashine isiyo na intaneti nayo husasishwa

Kuna wanaoamini, hata katika maabara za Kampala, kwamba kompyuta isiyounganishwa na intaneti haihitaji masasisho. Si kweli. Kirusi husafiri kwa flashi pia: Stuxnet, iliyogunduliwa 2010, iliingia katika mitambo ya nyuklia ya Natanz, Iran, iliyotengwa na intaneti, kupitia kasoro za Windows.

Kusasisha ovyo nako ni hatari, hasa mashine ikiwa imeidhinishwa kupima damu. Pakua vifurushi vya masasisho kwenye kompyuta nyingine, hakiki saini zake za kidijitali, vijaribu kando, kisha andika nani aliidhinisha na lini. Tafadhali usiruke saini. Bila hiyo hujui faili limetoka kwa nani.

Sheria ya Uganda ya 2019 ya ulinzi wa data inadai taarifa za wagonjwa zilindwe, mtandao uwepo au usiwepo.