Sinema bubu haikuwa kimya

Kila ninapowaambia wenzangu hapa Iringa kwamba natamani siku moja tutazame sinema bubu pale makumbusho ya Boma, mpiga kinanda akiwa kando ya skrini, napata majibu yale yale. Yananiuma, maana yanatunyima kitu kizuri kwa sababu ya mambo ambayo si kweli.

"Watu walikaa kimya wakitazama picha tupu."
Kilichokosa sauti ni mkanda, si ukumbi. Kumbi ndogo ziliajiri mpiga piano, kubwa zikawa na okestra. Japani kulikuwa na benshi, msimuliaji aliyesimama karibu na skrini akieleza kisa na kuwasemea wahusika. Baadhi yao walivuma kuliko waigizaji. Aliyewahi kuingia kibanda umiza na kumsikia DJ akiitafsiri filamu kwa Kiswahili, akitia chumvi zake, anaielewa kazi hiyo vizuri kabisa.

"Kinanda ni cha ibada."
Hapa ndipo ninapobishana zaidi. Huku kwetu wengi tumekijua kinanda kanisani, kikiongoza kwaya, kwa hiyo tunadhani hakina makao mengine. Lakini tangu miaka ya 1910, kumbi nyingi za sinema Marekani, na baadaye Uingereza, zilifungiwa vinanda vya mabomba vilivyoundwa kwa ajili ya filamu. Vya kampuni ya Wurlitzer ndivyo vilivyojulikana zaidi. Hewa ilisukumwa kwenye mabomba kama kanisani, ila kutoka meza ile ile ya kinanda mpigaji aliweza kugonga ngoma na matoazi halisi, kengele, hata kutoa mlio wa ndege au honi ya gari. Mtu mmoja akashika nafasi ya okestra, na mwenye ukumbi akapunguza mishahara.

Mpigaji alitazama picha, si karatasi ya noti peke yake. Mara nyingi alitunga papo hapo. Iringa hatuhitaji mabomba ili tuanze. Kinanda cha umeme cha kwaya kina sauti ya ogani, na yule kijana ambaye mama mmoja akianzisha pambio bila taarifa huitafuta ki yake, yaani ufunguo wa sauti, na kuipata kabla ya ubeti wa pili, tayari ana nusu ya ujuzi unaotakiwa.

"Waigizaji walikimbia-kimbia kama siafu."
Kamera zilizungushwa kwa mkono, mara nyingi picha 16 hadi 20 kwa sekunde. Filamu za sauti zilipokuja, kasi ikawekwa kuwa 24. Ukionyesha mkanda wa zamani kwa kasi hiyo, kila mtu anarukaruka. Rudisha kasi yake, watatembea kama mimi na wewe.

"Zote ni nyeusi na nyeupe."
Nyingi zilitiwa rangi: buluu kwa usiku, nyekundu kwa moto.

"Bila Kiingereza huelewi."
Maandishi ya kwenye skrini ni machache, na mtu mmoja anaweza kuyasoma kwa Kiswahili kwa sauti. Ningeanza na *The General* ya mchekeshaji Buster Keaton, ya mwaka 1926, kuhusu dereva wa treni aliyeibiwa kichwa chake cha treni. Mtoto wa Mbeya aliyezoea honi ya TAZARA hahitaji mkalimani wa kumweleza kwa nini mtu huyu anakifukuza kwa miguu.