Fedha za Wakfu wa Ford na taaluma ya Wachikano

Historia ya taaluma ya Wachikano, yaani Wamarekani wenye asili ya Meksiko, kwa kawaida husimuliwa kuanzia migomo ya wanafunzi ya mwaka 1968 na mkutano wa Santa Barbara wa Aprili 1969, uliodai vituo na idara zitakazoongozwa na Wachikano wenyewe. Simulizi hiyo ni ya kweli, lakini mimi ninayefuatilia historia ya ufadhili wa vyuo vikuu husikitika inapomsahau mfadhili aliyetangulia. Wakfu wa Ford, shirika la uhisani la Marekani, ulikuwa umeanza kugharimia utafiti mkubwa juu ya jamii hiyo katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, tangu mwaka 1964, chini ya mwanauchumi Leo Grebler.

Misukosuko ya mwaka 1969 ndiyo iliyoamua fedha hizo zielekee wapi baadaye. Mbunge Henry B. González wa San Antonio aliushutumu waziwazi Wakfu wa Ford kwa sababu ruzuku zake zilikuwa zimewafikia vijana wa MAYO, chama cha wanaharakati wa Texas, na mwaka huohuo Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kodi iliyobana shughuli za kisiasa za mashirika ya uhisani. Kwa maoni yangu, tangu hapo kumsomesha mtafiti kukawa salama zaidi kuliko kumsaidia mwanaharakati, hata kama wote wawili walitoka mtaa mmoja.

Mfano ninaouthamini zaidi ni wa Julian Samora, mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Notre Dame, aliyeanzisha mwaka 1971, kwa fedha za Ford, mpango wa kuwasomesha Wachikano hadi shahada za juu. Wanafunzi wake walisajiliwa katika sosholojia, historia na fani nyingine zilizokwishakubalika, wakaandika tasnifu kwa kanuni za idara hizo, hivyo wakatoka na shahada ambazo hakuna kamati ya ajira ingeweza kuzibeza. Bila mipango ya namna hiyo, idara changa zingepata wapi wahadhiri? Hata hivyo, gharama yake haikuwa ndogo: msomi aliyelelewa hivyo alipaswa kwanza kuwaridhisha wakuu wa fani yake, ilhali mkutano wa Santa Barbara ulitaka awajibike kwanza kwa jamii yake.