Ushauri wa kazi si wa mwaka wa mwisho pekee

Wanafunzi wengi wa chuo kikuu huamini kwamba ofisi ya ushauri wa kazi ni ya wanaokaribia kuhitimu: unaingia mwaka wa mwisho, unarekebishiwa wasifu, unatoka. Imani hiyo inaeleweka, maana wasifu ndio huduma inayoonekana zaidi.

Lakini sehemu kubwa ya msaada huo hufaa mapema. Masomo ya hiari mara nyingi huchaguliwa kabla ya mwaka wa mwisho, na nafasi za mafunzo kwa vitendo huweza kuombwa miezi kadhaa kabla. Anayechelewa hukuta muda umeshapita. Wala mshauri hakupangii kazi (hili nalo husemwa sana); hukuuliza maswali, akakuonyesha njia zilizopo, uamuzi ukabaki wako.

Unaweza kuhakiki mwenyewe. Chukua matangazo 10 ya kazi unayoitamani, uone mangapi yanataka uzoefu, ujuzi fulani au leseni ya taaluma, kama ilivyo kwa udaktari. Kisha hesabu kurudi nyuma: uzoefu wa mwaka mmoja ungeuanza lini? Waulize pia waliohitimu karibuni wao walianza lini.